Kodi Tatu Zilizonishinda: Mimi, Kaka Yangu na AC/DC

Mpiga drams alisimamisha wimbo mara ya tatu, akalaza fimbo zake juu ya ngoma, akaniangalia. Hakuwa na hasira. "Unawahi," aliniambia. "Ukiiachia kodi moja tu, tayari uko kwenye nyingine. Acha watu wasubiri kidogo."

Wimbo ulikuwa "Highway to Hell" wa AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na zile za mwanzo wa wimbo huu mtu hufundishwa wiki ya kwanza anaposhika gitaa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na moja kwenye gitaa. Kaka yangu alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka kwangu, maikrofoni mkononi, macho chini. Tulikuwa hatujasemezana kwa miezi minane, na sababu ilikuwa bendi hiyohiyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona watu wengi wakigombana kuhusu AC/DC kama nilivyogombana mimi, na wengi hugombana na mtu wao wa karibu. Ningependa mtu mwingine asilipe nilicholipa.

Kwanza, ubishi wenyewe. Kaka ni mtu wa Bon Scott, mwimbaji wa bendi hadi 1980. Kwake bendi ilikufa pamoja na Bon, London, tarehe 19 Februari 1980, baada ya usiku wa pombe, akiwa na miaka 33. Anaweza kukueleza kwa saa nzima jinsi Bon alivyozaliwa Scotland na kupelekwa Australia akiwa mtoto, kama wapiga gitaa wa bendi, ndugu Malcolm na Angus Young, waliozaliwa Glasgow na kuhamia huko na wazazi wao mwaka 1963. Bendi ilianzishwa Sydney mwaka 1973, Bon akaingia mwaka uliofuata. Kinachomuuma kaka ni haraka. Bon alizikwa, Brian Johnson akaletwa kutoka kaskazini mwa Uingereza awe mwimbaji mpya, wakaenda Bahamas kurekodi, na mwezi Julai mwaka huohuo albamu "Back in Black" ilikuwa madukani. Shemeji yangu, mke wake, anapinga kila neno. Yeye husema albamu ile ndiyo matanga yenyewe: jalada jeusi tupu, na kabla ya sauti yoyote ya gitaa unasikia kengele ikigongwa taratibu. Hao wawili wamebishana hivyo tangu waoane, na hawajawahi kulala wamenuniana.

Mimi nilikuwa kambi ya tatu, ya wasemao kwamba bendi hii imepiga wimbo mmoja maisha yake yote. Kambi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1976 jarida la muziki la Rolling Stone liliichambua albamu yao "High Voltage" na kusema roki nzito imefika mahali pa chini kabisa. Niliyakariri maneno hayo na kuyatumia kama fimbo. Nilikuwa najifunza vipande virefu vya solo, kodi zenye vidole vyote vinne, mapigo yasiyo ya kawaida, na mtu aliyepiga kodi rahisi za A, D na G niliona hana la kunifundisha.

Kambi ya nne alikuwa mama. Yeye aliogopa jina la "Highway to Hell", yaani barabara ya kwenda jehanamu, na pembe anazochorwa Angus kwenye majalada. Hilo nililiona dogo, ila sasa naona alistahili kujibiwa vizuri kuliko nilivyomjibu. Jina la bendi lilitoka kwenye cherehani: dada yao, Margaret, aliona herufi hizo zinazoeleza aina za umeme, akawapa. Na barabara hiyo ya kwenda jehanamu, kwa maelezo yao wenyewe, ni maisha ya kusafiri na kupiga kila usiku bila kupumzika. Ningemwambia mama hivyo kwa upole, angeelewa. Badala yake nilimcheka. Hata Marekani hofu hiyo ilifika mbali. Mwaka 1985 kikundi cha wazazi wenye ushawishi Washington kilitoa orodha ya nyimbo 15 walizoziona mbaya, na mmoja ulikuwa wa AC/DC, ingawa kosa lao hapo lilikuwa ngono, siyo shetani.

Ikaja 2016. Madaktari walimwambia Brian Johnson aache kuimba majukwaani, la sivyo atapoteza kabisa uwezo wa kusikia. Ziara ilikuwa katikati. Bendi ikamchukua Axl Rose, mwimbaji wa bendi ya Guns N' Roses, naye akaanza Lisbon mwezi Mei akiwa ameketi kwenye kiti kwa sababu mguu ulikuwa umevunjika. Ubelgiji maelfu walidai kurudishiwa hela za tiketi. Kaka, ambaye kwa miaka hakumtaka Brian, alimwonea uchungu kuliko nilivyotarajia. Aliniandikia ujumbe mrefu usiku kwamba hivi sivyo mtu anavyotolewa kwenye kazi yake.

Nilimjibu kwamba bendi ni biashara, na kwenye biashara mtu hubadilishwa. Nikaongeza sentensi moja ambayo nimeijutia hadi leo: kwamba hata yule anayesimama nyuma karibu na drams aliondoka 2014 na hakuna aliyegundua.

Yule wa nyuma alikuwa Malcolm Young. Aliondoka kwa sababu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na mwaka ule baba yetu alikuwa ameanza kuchanganya majina yetu, na kaka ndiye aliyekuwa akiishi naye.

Hakujibu. Nilidhani nimeshinda ubishi. Wiki zilipopita nikaelewa kimya kile, lakini nikaona aibu kuanza, na aibu ikizoeleka huvaa sura ya kiburi. Miezi minane. Tulikutana mara mbili kwa baba, tukasalimiana kwa ajili ya watu. Kama uko kwenye kimya cha namna hiyo sasa hivi, usisubiri ujumbe mzuri ukujie kichwani. Mimi niliandika rasimu zaidi ya kumi na sikutuma hata moja, na kila siku niliyochelewa iliongeza kitu cha kuombea radhi.

Aliyenipeleka kwenye mazoezi hakuwa kaka. Kikundi anachoimbia kaka kilipoteza mpiga gitaa la rithimu, lile linaloshika mapigo ya wimbo, na mpiga drams, ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi, akaniomba niwashikie kwa miezi michache. Nilikubali nikiamini kazi itakuwa nyepesi na kaka ataona ninavyoimudu.

Ndipo kodi tatu zikanishinda.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo niliposomea. Ukisikiliza "Highway to Hell" kwa makini, besi, yaani gitaa la sauti nzito, haipo mwanzoni. Haipo kwenye beti nzima. Kuna gitaa, drams na mwimbaji, basi. Besi inangoja hadi kiitikio. Maana yake kila nafasi kati ya kodi na kodi iko wazi, haina wa kuifunika. Mkono wangu ulizoea kujaza. Nikiona pengo naweka kitu, hata mkwaruzo mdogo wa nyuzi. Malcolm aliliacha pengo hivyohivyo, tupu, na pengo hilo ndilo linalomfanya msikilizaji atikise kichwa. Ni kodi, kimya, kodi, na kimya kina urefu wake kamili kama noti nyingine yoyote.

Nilirudi nyumbani nikarekodi nilichopiga, nikakiweka sambamba na wimbo wenyewe. Ninapendekeza kila mpiga gitaa afanye hivi, japo inauma. Kila mara nilikuwa mbele ya drams kwa kipande kidogo cha sekunde, na kila nilipojaribu kujirekebisha nilichelewa. Ilinichukua wiki sita kuupiga wimbo huo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuharakisha. Nyimbo zenye solo za dakika tatu sikuwahi kuzihangaikia wiki sita.

Kosa la pili lilikuwa la sauti. Niliamini roki nzito inatakiwa mkwaruzo mwingi, yaani sauti iliyochafuliwa makusudi na amplifaya, nikafungua amplifaya hadi kodi ikawa uji. Ukweli ni kwamba gitaa la Malcolm halina mkwaruzo mwingi. Alipiga kwa sauti kubwa sana lakini safi, kwa nyuzi nene ambazo wengi wetu zingetuumiza vidole, kwenye gitaa la Gretsch ambalo alikuwa amelitoa vinasa-sauti vingine na kubakiza kimoja tu karibu na daraja la nyuzi. Nilipopunguza mkwaruzo nusu kwa nusu, makosa yote ya mkono wangu yakatoka hadharani. Hilo ndilo zuri lake. Mkwaruzo ulikuwa unanificha.

Nilinunua pia vifaa ambavyo sikuvihitaji: kisanduku cha kubadili sauti ya gitaa, nyaya za bei, gitaa la pili lenye umbo la lile la Angus. Hela ya gitaa lile niliazima, na nililipa deni kwa karibu mwaka. Kama mtu angeniambia nibadilishe nyuzi tu na kupunguza kitufe kimoja, ningebaki na amani.

Kosa la tatu ndilo la hatari, nanyi mnaopenda muziki huu nawaomba mlisome polepole. Chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, amplifaya ilikuwa usawa wa kichwa changu, na sikuweka kitu masikioni. Baada ya zoezi la nne nilirudi nyumbani na mlio. Mlio mwembamba, wa juu, kama wa mbu asiyetua. Asubuhi ulikuwepo. Siku ya tatu ulikuwepo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mwili wangu, nikajificha chooni nikalia.

Daktari wa masikio alinipima akaniambia nimepoteza kiasi kwenye sauti za juu, upande wa kushoto, na kwamba kilichopotea hakirudi. Alinieleza kipimo ambacho sikukijua. Desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo kama saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Ukifika 100, ambazo chumba cha mazoezi hufikia kwa urahisi, umebakiwa na dakika 15. Sisi tulikuwa tunapiga kwa muda wa saa tatu.

Brian Johnson mwenyewe amewahi kusema masikio yake yaliumizwa hata na mbio za magari alizozipenda, aliposahau kuweka vizibo vya masikio. Kumbe wakati nilipokuwa namdharau yule mzee kwa kukaa pembeni, mimi mwenyewe nilikuwa njiani. Vizibo ni vitu vidogo. Nunueni vile vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote sawasawa, maana vya sponji huua sauti za juu na mtu huvitoa ili asikie toazi. Shusheni amplifaya, au iwekeni chini ielekee magotini. Na mlio ukikuanza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilipoteza siku tatu nikitumaini utakwisha.

Zoezi lililofuata nilifika mapema. Kaka alikuwa ameshafika. Nilimwamkia, akaitikia, akarudi kwenye nyaya zake. Juu ya amplifaya yangu kulikuwa na kikopo kidogo cha plastiki chenye vizibo viwili. Mpiga drams alikuwa amemwambia. Nilivishika, nikashindwa kuvivaa, nikamfuata.

Nilimwomba radhi kwa ile sentensi. Sikuieleza wala kuipamba. Nilisema, "Kaka, nililosema kuhusu Malcolm lilikuwa ovu, na nilijua baba yuko vipi nilipoliandika." Alikaa kimya kwa muda. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua: kwamba katika ziara yao kubwa iliyoanza 2008, Malcolm alikuwa tayari ameshikwa, na alilazimika kujifunza upya rifu, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, alizozitunga mwenyewe kabla ya kupanda jukwaani. Nyimbo alizopiga miaka thelathini. Kila siku anakaa nazo kama mwanafunzi, na jioni anasimama palepale nyuma karibu na drams, hakosei. "Mimi namfikiria huyo," kaka alisema, "ninapomfungia baba vifungo vya shati."

Wiki sita zile nilizohangaika na kodi tatu nikaziona upya.

Baada ya hapo nilianza kuisikiliza bendi kwa mpangilio, na hapa nina machache ya kumsaidia anayeanza. Usianze na mkusanyiko wa nyimbo zilizochanganywa; mimi nilifanya hivyo miaka yote, na nyimbo za miaka tofauti zikiwekwa pamoja kweli husikika kama wimbo mmoja. Chukua albamu moja, uimalize, uirudie kesho. Angalia pia toleo. "High Voltage" ya Australia ya 1975 siyo ile iliyotolewa kimataifa mwaka 1976; ile ya pili imebeba nyimbo nyingi kutoka albamu nyingine ya Australia, "T.N.T." Na tarehe za Marekani zitakupoteza. "Dirty Deeds Done Dirt Cheap" ilitoka Australia 1976, lakini kampuni yao ya Marekani iliikataa, ikaja kuitoa 1981 baada ya mauzo makubwa ya "Back in Black". Nilipomtuhumu kaka kwamba bendi yake ilitumia sauti ya marehemu kujitajirisha, nilikuwa nimesoma mwaka huo wa 1981 na sikuuliza zaidi. Nilimtukana mtu kwa tarehe.

Kama una muda wa albamu moja tu ya Bon, sikiliza "Powerage" ya 1978. Hapo nilimwelewa kaka. Bon anaimba kuhusu mtu asiye na hela, aliyeachwa, anayedaiwa, na anaimba kama anayekusimulia mezani, ukimwona uso. Brian hana hadithi za namna hiyo. Alicho nacho ni koo linalosimama juu ya magitaa mawili bila kuzama, na kwenye "Back in Black" alipewa kazi ambayo sijui mwimbaji mwingine yeyote angeiweza: kumwombolezea mtu kwa nyimbo za furaha, mbele ya wenzake wa bendi. Nimefika mahali pa kusema Bon alikuwa mshairi bora, na albamu bora ni ya Brian. Kaka hakubali nusu ya pili ya sentensi hiyo. Anaamini hata maneno ya albamu ile yametoka kwenye daftari la Bon, ingawa waliotajwa kuyaandika ni Angus, Malcolm na Brian, na Brian amekanusha. Kuhusu hilo nimejifunza kunyamaza. Halina ushahidi utakaomridhisha anayempenda marehemu.

Sijawa mfuasi wa kila kitu. "Fly on the Wall" ya 1985 siwezi kuimaliza. Sauti ya Brian imezamishwa hadi maneno hayasikiki. Na kuna nyimbo, za Bon na za Brian, ambazo mwanamke ndani yake ni kitu cha kuchezea tu. Binti yangu aliniuliza maana ya mojawapo, nikazima redio, na sikupata jibu la kumpa ambalo lingeutetea wimbo. Wanaoikataa bendi kwa sababu hiyo sibishani nao tena, maana wamesikiliza maneno kuliko nilivyoyasikiliza mimi.

Malcolm alifariki tarehe 18 Novemba 2017. Kaka alinipigia simu kabla sijaona habari popote. Jioni ile kikundi kilikutana bila kupangwa, tukapiga "Highway to Hell" bila mwimbaji, kaka akiwa ameketi kwenye kiti karibu na drams akisikiliza gitaa la rithimu. Nilikuwa na vizibo masikioni, na sikuwahi.

Miaka mitatu baadaye ilitoka albamu ya "Power Up". Brian alikuwa amerudi. Nyimbo zote zimeandikwa majina ya Angus na Malcolm, kwa kuwa zilijengwa kwa rifu walizokuwa wamezitunga pamoja, na gitaa la rithimu linapigwa na Stevie, mtoto wa kaka yao. Nilimpelekea kaka, nikijua hajawahi kukubali kusikiliza chochote cha baada ya 1980 mbele yangu. Alikaa. Aliinua mkono wimbo wa kwanza ulipofika katikati.

"Huyo ni Malcolm," alisema.

Nikamwambia anayepiga ni Stevie.

"Najua. Rudisha mwanzo."